Kumwosha Mzazi Mwenye Ugonjwa wa Kusahau

  Katika mazungumzo haya huwa tunazungumza sana juu ya mtoto: chanjo, maziwa ya mama, kuharisha. Leo nataka tumgeukie mtu mwingine wa nyumba hiyo hiyo, ambaye naye huogeshwa, huvalishwa na kubadilishwa nguo, lakini hakuna jirani anayekuja kukupongeza kwa kumtunza. Ni mzazi aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau.

Siku moja ya soko hapa Chwele, mama mmoja muuza vitunguu alinishika mkono akanivuta nyuma ya magunia yake. Alizungumza kwa sauti ya chini. "Sista, mzee wangu hajagusa maji wiki tatu. Nguo za ndani zimemgandia. Nikileta beseni anapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Mume wangu yuko Nairobi, na mimi ni mkaza mwana. Nitamvuaje nguo baba aliyemzaa mume wangu?"

Si yeye peke yake. Nimeulizwa hivyo Kimilili, nimeulizwa Sirisia, na pia na mama aliyekuja kutoka upande wa Kitale. Kila mara swali huja kwa kunong'ona, kana kwamba anayeuliza ndiye aliyekosa.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Hospitalini ugonjwa huu huitwa demensia. Si uzee wa kawaida. Mzee wa kawaida husahau alikoweka fimbo yake. Mwenye demensia hushika fimbo mkononi asijue ni ya nini. Ubongo wake unaharibika polepole. Aina inayojulikana zaidi huitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza madaktari wenzake habari za mgonjwa mmoja wa kike aliyepoteza kumbukumbu. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, hasa kwa mtu ambaye shinikizo lake la damu halikutibiwa vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao huishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Dawa ya kuuponya hakuna. Kinachobaki ni matunzo, na matunzo hayo karibu yote yako mikononi mwako wewe mama. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee huko Kasarani, inayoendeshwa na masista wa Kikatoliki, na yapo makao mengine machache nchini. Lakini hapa kwetu mzee huugulia nyumbani kwake, kwenye kitanda chake, na anayeleta maji ni binti, mke au mkaza mwana.

Kuna jambo moja zito ambalo ni lazima niliseme mapema. Mzee anayetoka nje usiku, anayezungumza peke yake, ambaye nywele zimemsokotana na mwili unanuka, ni rahisi sana kushukiwa uchawi. Mwezi Oktoba mwaka 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati uliowatuhumu kwa uchawi. Kwa hiyo unapomwosha mzazi wako, ukamkata kucha na kumvisha nguo safi, unamkinga na vidonda, na pia unamkinga na midomo ya watu.

Kwa nini anakataa maji

Wengi hudhani mzee ni mkaidi. Si ukaidi. Ukimwambia hajaoga, yeye anajua kwamba ameoga, kwa sababu anakumbuka vizuri jinsi alivyooga. Asichojua ni kwamba siku anayoikumbuka ilikuwa miaka mingi iliyopita. Mkibishana hutashinda.

Halafu kuna baridi. Mwili wa mzee umepungua mafuta chini ya ngozi, na upepo wa Mlima Elgon unaushuka huku kwetu bila kubisha hodi. Maji ambayo wewe unaona yana uvuguvugu, yeye yanamchoma kwa baridi. Kuna maumivu pia: magoti, bega, jino bovu, kidonda ambacho hawezi kukieleza. Ukimwinua mkono ili uoshe kwapa, bega linauma, naye anakupiga. Alichosema kwa kofi lile ni kwamba anaumia.

Kuna hofu. Saruji yenye maji hung'aa, na macho ya mzee huyu huweza kuiona kama shimo. Maji yakimwagwa kichwani ghafla, anahisi anazama. Na zaidi ya yote, kuna aibu. Mtu asiyemtambua anamvua nguo! Wewe ungefanya nini?

Nina wazo langu kuhusu wazee wetu wa kiume wa Kibukusu, mlipime wenyewe. Ugonjwa huu hufuta ya jana ukaacha ya utotoni. Mzee huyu hajui leo ni Jumatatu au Jumapili, lakini anajua rika lake na mwaka aliotahiriwa, na anakumbuka alfajiri ile alipopelekwa mtoni, akavuliwa nguo, akapakwa tope la baridi, na kuambiwa asimame imara. Sasa wewe unamwamsha saa kumi na moja asubuhi, unamvua nguo na kummwagia maji baridi. Niliwahi kumsikia mzee mmoja akiwa kwenye beseni akiita majina ya watu waliokwisha kufa zamani. Binti yake alidhani ni wazimu umezidi. Mimi nilidhani amerudi mtoni. Tangu siku hiyo huwaambia watu: usimwogeshe mzee alfajiri.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2004, huko Marekani, watafiti walioongozwa na daktari Philip Sloane walichapisha matokeo ya utafiti juu ya wagonjwa 69 wa demensia waliokuwa katika makao 15 ya wazee. Walibadilisha namna ya kuwaogesha. Wengine waliogeshwa bafuni kwa utaratibu uliofuata anachopenda mgonjwa mwenyewe, wengine wakafutwa wakiwa kitandani kwa taulo zenye maji ya moto, mwili ukiwa umefunikwa. Kwa njia zote mbili, kupiga na kugombana kulipungua kwa zaidi ya nusu. Ugonjwa ulikuwa ule ule; kilichobadilika ni mikono ya waliowaosha. Tena njia ile ya taulo haihitaji bafu wala bomba. Inahitaji beseni, shuka na subira, vitu ambavyo hata nyumba yetu ya udongo inavyo.

Nani atamwosha?

Hapa ndipo penye mzigo. Kwetu Wabukusu, mkaza mwana na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawashikani mikono, hawaketi karibu. Ni hivyo hivyo kwa mkwe wa kiume na mama wa mke wake. Mimi kama muuguzi siwezi kuja redioni kukuambia uitupe heshima hiyo, wala sitaki. Mzee mwenyewe, hata akiwa amesahau jina lako, mara nyingi bado anahisi kwamba wewe hupaswi kumwona uchi, na ndiyo maana anapiga kelele zaidi ukishika nguo zake kuliko akishikwa na mwanawe.

Kwa hiyo tafuta mtu kabla ya kutafuta sabuni. Mke wake, kama yupo na ana nguvu, ndiye wa kwanza. Kama hayupo, kwa baba ni mwana wa kiume, mjukuu wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima, ndugu yake, au mwenzake wa rika ambaye bado ana nguvu. Kwa mama ni binti, dada, mkaza mwana au mjukuu wa kike mkubwa. Babu na mjukuu kwa desturi yetu hutaniana, na utani huo husaidia sana siku ya kuoga. Lakini usimpe msichana mdogo kazi ya kumwosha babu yake sehemu za siri. Nitaeleza sababu baadaye.

Na wewe baba unayesikiliza huku ukijifanya unarekebisha baiskeli, hili ni lako. Kijana wetu akipata kibali cha kwenda Marekani, mara nyingi kazi ya kwanza anayopata ni kuosha wazee wa watu. Anaifanya kwa bidii, analipwa, anatuma pesa nyumbani, na hakuna anayemcheka. Iweje kumwosha baba yako mwenyewe hapa Chwele kuwe ni kazi ya wanawake? Kama uko mbali, basi pesa unazotuma za sukari na mafuta ya taa, ongeza kidogo za kumlipa mwanamume jirani aje mara mbili au tatu kwa wiki. Umwonyeshe kazi yenyewe kwanza, usimwachie tu mlango.

Je, kama hakuna mtu kabisa, na baba mkwe amelala juu ya kinyesi chake? Mama, usimwache hivyo ukingojea basi la kutoka Nairobi. Ngozi ya mzee iliyokaa kwenye kinyesi na mkojo huanza kuchubuka upesi. Mfunike shuka, vaa glavu, ingiza mkono na kitambaa chini ya shuka umsafishe bila kumfunua. Hukumtazama na hukumgusa kwa mkono mtupu. Wazee wa ukoo wataelezwa baadaye. Wazee wenye busara niliowahi kuzungumza nao wanakubali kwamba ugonjwa una sheria yake. Hata hivyo ni bora mkae nao mapema, kabla ya siku hiyo, mkubaliane.

Siku ya kuoga

Habari njema ni kwamba mzee huyu hahitaji kuoga mwili mzima kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Kinachohitajika kila siku ni uso, mikono, makwapa na sehemu za siri, na kila mara anapojichafua. Akina mama wengi hupumua wanaposikia hivyo.

Chagua saa yake. Kama maisha yake yote alioga jioni akitoka shambani, muogeshe jioni kabla jua halijazama. Kama hukumbuki, saa nne asubuhi jua likiwa limepanda ni nzuri. Tayarisha vitu vyote kabla ya kumwita: maji ya moto ya kutosha, sabuni laini, taulo au leso kubwa mbili, vitambaa vitatu vya rangi tofauti, nguo safi, mafuta, glavu, na kiti cha plastiki chenye mahali pa kuegemeza mikono. Tandika gunia safi au mkeka chini ya miguu asiteleze. Pima maji kwa kiwiko chako kama ufanyavyo kwa mtoto. Funga mlango na dirisha upepo usiingie, na fukuza watoto wanaochungulia.

Wengine hupenda kupasha chumba joto kwa jiko la makaa. Usifanye hivyo chumba kikiwa kimefungwa. Moshi wa makaa usioonekana huua, na mtu mwenye demensia anaweza kuliangukia jiko au kutia mkono. Pasha chumba kwa jiko mapema kama ni lazima, madirisha yakiwa wazi, kisha ulitoe nje kabla hujafunga na kumwingiza mzee.

Sasa maneno. Usimuulize, "Unataka kuoga?" Atasema hapana, na swali limeisha. Mwambie, "Papa, maji yako ya moto yako tayari." Mwite Papa, Mayi, Kuka au Kukhu, au kwa cheo chake kama alikuwa mwalimu au mzee wa kanisa. Usimwite mtoto, wala usicheke na wenzako juu ya kichwa chake. Anaweza asifuate maneno lakini sauti ya dharau anaielewa. Zungumza lugha aliyonyonya nayo. Mzee aliyejifunza Kiswahili na Kiingereza ukubwani mara nyingi hurudi kwenye Kibukusu chake, au Kisabaoti, au Kiteso, na akisikia lugha hiyo mwili wake hulegea. Toa neno moja kwa wakati mmoja: "Keti." Ngoja aketi. "Nipe mguu." Ngoja tena.

Akikataa, mwache. Ondoka, mpelekee chai, rudi baada ya dakika 20. Mara nyingi atakuwa amesahau kwamba alikataa. Huo ndio upande mmoja ambao ugonjwa huu hutusaidia!

Anza na miguu. Mzee anayeogopa maji usoni hutulia miguu ikiwekwa kwenye beseni la maji ya moto, na wengine hufumba macho kwa raha. Kisha panda juu polepole. Kila sehemu unayoosha ifunue peke yake, ioshe, ikaushe, ifunike, ndipo uende nyingine. Leso ikae mabegani na nyingine mapajani wakati wote. Mpe kitambaa naye ajisugue kifua au mkono, hata kama hafanyi vizuri. Mkono wenye kazi haupigi. Mweleze kabla ya kumgusa. Uso na nywele viwe vya mwisho, kwa kitambaa kilichokamuliwa, bila kumwaga maji kichwani.

Asiyeweza kuketi, mwoshe kitandani kwa utaratibu huo huo. Lowesha taulo katika maji ya moto yenye sabuni kidogo sana, likamue, litandaze mwilini chini ya blanketi, umsugue kupitia taulo, kisha pitisha jingine lenye maji matupu na umkaushe. Mgeuze ubavu umalizie mgongo. Ukiwa hapo, tazama makalio, nyonga na visigino. Ukiona wekundu au weusi ambao haupotei ukibonyeza, kidonda kinakuja. Asilalie upande huo, na mgeuze kila baada ya saa mbili.

Sehemu za siri

Hapa wengi hupaogopa, na kwa sababu hiyo hapaoshwi kabisa. Nimewahi kuona mzee aliyesifiwa kwamba anaogeshwa kila siku, lakini tulipofungua nguo tulikuta ngozi ya mapajani imechunika yote. Familia ilikuwa ikimwosha uso, mikono na miguu tu, kwa heshima. Heshima ile ilimpa maumivu ambayo hakuweza kuyasema.

Vaa glavu. Tumia kitambaa ambacho hakitaguswa tena na uso. Mjulishe: "Mayi, sasa naosha huku chini, nitamaliza upesi." Kwa mwanamke, osha kutoka mbele kwenda nyuma siku zote, usirudi, ili uchafu wa haja kubwa usiingie kwenye njia ya mkojo. Osha mikunjo ya nje kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo laini, au maji peke yake. Ndani ya uke hakuoshwi. Usitie chumvi, dawa za kuua vijidudu, majani wala manukato. Uke wa mama mzee umekauka na ngozi yake ni nyembamba. Dawa kali itamuunguza, naye atakuogopa mwezi mzima.

Kwa mwanamume, osha uume, korodani na chini yake ambako jasho hujificha, kisha nyuma. Wazee wengi wa hapa wametahiriwa. Lakini kama unamtunza mzee ambaye hakutahiriwa, vuta govi nyuma taratibu bila kulazimisha, osha, kausha, na hakikisha umelirudisha mbele. Likiachwa nyuma huvimba na kukaba, na hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Mikunjo ya mapajani, chini ya tumbo na chini ya matiti ikibaki na unyevu huota ukungu mwekundu unaowasha. Poda nyingi haisaidii, hugeuka tope. Paka mafuta mepesi ya kulinda ngozi, ya namna ile unayompaka mtoto anayevaa nepi.

Nywele za sehemu za siri na za kwapani hazina ubaya kiafya. Lakini kwa mgonjwa anayejichafua, kinyesi hukwama humo. Zikate ziwe fupi kwa mkasi mdogo usio na ncha kali, akiwa ametulia. Familia za Kiislamu zina desturi ya kutoziacha zipite siku 40, na mkasi hufanya kazi hiyo pia. Wembe mimi siushauri: akishtuka utamkata, na ngozi ya mzee hupona polepole. Na wembe uliotumika kwa mtu mmoja usiende kwa mwingine hata kama ni ndugu, kwa sababu ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Ndevu ni jambo la kufurahisha kidogo. Mwanamume aliyenyoa kila Jumamosi hujisikia mtu tena akinyolewa. Mpe kioo, labda atakunja shavu mwenyewe. Kama kioo kinamtisha kwa kuwa hamtambui mzee aliyemo, kiondoe. Kucha zikate baada ya kuoga zikiwa laini. Ukikuta funza miguuni, usichokonoe kwa pini inayozunguka nyumba nzima. Mpeleke kituo cha afya. Mdomo pia husahaulika: mswaki mara mbili kwa siku, na kama ana meno ya bandia yatolewe usiku na kuoshwa.

Baadhi ya wazee, wakati wa kuoshwa, hukushika vibaya, husema maneno machafu au hujichezea. Ndiyo sababu nilikataza wasichana. Mara nyingi ni ugonjwa umevunja breki za ubongo, au amekudhania ni mke wake wa ujana, au ana mkojo unaomsumbua. Usimpige wala usicheke. Rudi nyuma hatua moja, mfunike, mwambie kwa sauti tulivu, "Hapana, mimi ni binti yako," na umpe taulo ashike kwa mikono miwili. Asipotulia, acha kazi, endelea baadaye. Likijirudia, mbadilishe anayemwosha, na mjulishe daktari. Na msichana yeyote wa nyumbani akikuambia mzee amemshika, mwamini, na umtoe kwenye kazi hiyo siku hiyo. Ugonjwa wa mzee si sababu ya mtoto kunyamaza.

Kujikojolea je? Mpeleke chooni kila baada ya saa mbili au tatu, na baada ya kula, kabla hajahisi. Mvalishe suruali ya mpira kiunoni badala ya vifungo. Nepi za watu wazima zina bei. Vitambaa vya pamba vilivyokunjwa hufaa, mradi vibadilishwe vikilowa na vianikwe juani. Usimnyime maji ili asikojoe. Akikosa maji mkojo huwa mkali, unamchoma, na kuchanganyikiwa kunazidi.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Demensia huzidi polepole, kwa miezi. Mzee aliyekuwa akikutambua juzi akibadilika ghafla kwa siku moja au mbili, akaweweseka, akalala mchana kutwa au akawa mkali kupita kawaida, huo si ugonjwa wa kusahau kuongezeka. Mara nyingi kuna kitu kingine: maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, kukosa maji, au choo kigumu. Anaweza asiwe hata na homa. Mpeleke hospitali bila kungoja. Mkojo wenye damu, vidonda sehemu za siri, uvimbe, au damu ukeni kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, pia ni safari ya hospitali.

Yule mama wa vitunguu nilimtembelea. Mume alikuwa ametumiwa ujumbe, na baada ya maneno marefu ya simu alikubali kumlipa jirani mmoja, mzee wa makamo aliyekuwa akifanya kazi na baba yake zamani. Mjukuu wa miaka 19 aliyemaliza shule ndiye anayenyoa ndevu. Mkaza mwana anachemsha maji, anaweka nguo safi kitandani, anaita, "Maji tayari," kisha anatoka kwenda jikoni. Ngozi ilipona baada ya wiki chache. Nilipopita mara ya mwisho mzee alikuwa amekataa kuoga, amevaa koti juani mlangoni, na hakuna aliyemlazimisha. Alioga kesho yake.

Kwa leo naishia hapo. Ukiwa na swali, mwone mhamasishaji wa afya wa kijiji chako au uje kituoni siku yoyote ya kazi. Na kama ni la kunong'ona, niite kando tu.